Acha Kidogo Pembeni

Kazi ya kinyozi ni mdomo, mashine inasaidia tu. Mteja anakaa, unamfunga kitambaa shingoni, na kabla hujagusa unywele hata mmoja umeshamuuliza habari za mpira, bei ya unga na ugomvi wake na mkwewe. Mimi nimeongea na vichwa vya watu tangu ndevu zangu zikiwa za kubahatisha. Marehemu mke wangu alikuwa akisema siku nikifa watauzika mwili kwanza, mdomo wataurudia kesho yake. Sasa mtu wa namna hiyo mwache peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, uone kama hataanza kuisemesha birika.

Mimi niliisemesha. "Umechemka?" naiuliza. "Haya, tulia basi, nimekusikia." Nikimaliza chai naosha kikombe kimoja, nakifunika, naenda dukani.

Duka langu lina kiti kimoja cha kunyolea, benchi la kusubiria, na kigoda cha plastiki karibu na mlango. Kigoda kilikuwa cha mke wangu. Alikuwa akija mchana, anakaa pale ananikosoa kazi mbele ya wateja bila haya wala soni. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na Mungu akamgawia masikio ya watu wawili. Kila nilipomnyoa, mama mtu alikuwa na agizo lake lile lile kutoka kwenye kigoda: "Acha kidogo pembeni, masikio yapate kivuli." Masikio ndilo likawa jina lake ndani ya nyumba. Na mimi, kwa uchokozi, nikawa namwita mke wangu Mama Masikio. Mtoto ananuna, mama anacheka, mimi naacha kidogo pembeni. Wateja walikuwa wanapata kunyolewa na sinema ya bure.

Halafu Masikio akaenda akafanya upumbavu. Aliambatana na vijana wawili waliomzidi umri, wakavunja kibanda cha fundi simu. Yeye ndiye mwembamba, basi wakampenyeza kwa dirisha la nyuma. Mlinzi alipopiga filimbi wenzake wakatimua mbio, yeye akabaki ndani, mifuko imejaa simu za watu. Nilitaka kumrarua, sisemi uongo. Hakimu alisema huyu bado mtoto, gereza halimfai, akampeleka kituo cha marekebisho nje ya mji. Kule wanasoma, wanajifunza kazi za mikono, wanakaa na washauri, na mtu anatoka pale alama zake za tabia zinapotimia. Mtaani kwetu, mbele yangu wanapaita shuleni. Nikigeuza kisogo wanapaita jela.

Mama mtu hakukosa Jumamosi hata moja. Mimi nilibaki dukani, maana Jumamosi ndiyo siku ya kinyozi, na tulikubaliana mmoja aende akamwone, mwingine atafute riziki. Jioni ananiletea taarifa: anajifunza kuchomelea vyuma, anakula vizuri, amerefuka, masikio yako palepale. Nilimwona mwanangu kwa macho ya mama yake, na ilinitosha.

Kisha mke wangu akafariki. Asubuhi alifagia uwanja, mchana akasema kichwa kinamgonga, na jua halijazama nikawa mgane. Presha. Ilikuwa mwilini mwake miaka, tukaizoea kama mpangaji.

Siku ya mazishi kituo kilimleta Masikio kwa gari, mlezi huku na mlezi kule, na sare yake ya kijivu. Watu wakampisha kama wanavyopisha mtu aliyebeba sufuria la moto. Dada yangu, ambaye hajawahi kujua kunong'ona tangu azaliwe, akasema, "Huyo ndiye aliyemmaliza mama yake." Nilisikia. Mtoto naye alisikia, masikio anayo. Nilianza kupenya katikati ya watu nimfikie, lakini muda waliopewa ulikuwa umekwisha, na nilipofika mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa. Dada yangu nilimwambia maneno ambayo mpaka leo hatujasalimiana.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka, nikaenda kituoni. Nilikaa kwenye benchi la wageni pamoja na akina mama na vifurushi vyao. Watoto wakawa wanatoka mmoja mmoja. Mlezi akanijia mimi, akainama. "Mzee, amesema hatoki."

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia. Ndiyo maana."

Nikaacha sabuni na shati, nikarudi. Jumamosi nyingine vivyo hivyo, na nyingine. Sabuni anapokea, mimi hanipokei. Nikaomba kumwona afisa ustawi wa pale. Ni binti mdogo, anaongea polepole kama anampa mgonjwa dawa. Nikamfokea. Nilisema mimi ndiye niliyemzaa, inakuwaje mtoto ndiye anayepanga.

"Baba," akasema, "hapa mtoto halazimishwi kuonana na mgeni. Chakula chake tunapanga sisi, usingizi wake tunapanga sisi. Hiki ndicho kitu pekee tulichomwachia."

"Basi mwambie wewe. Mwambie mama yake alikuwa mgonjwa siku zote, asibebe mzigo usio wake."

"Nikimtaja mama yake anainuka anaondoka. Amesema asiletewe maneno ya mtu yeyote."

Nikanywea. Njiani kurudi nilijisemesha mpaka mtu mmoja akahama upande wa barabara.

Afisa alinieleza mambo yalivyo, na naomba mnielewe hapa maana ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia. Masikio alikuwa amebakiza alama chache. Zikitimia, kunaitishwa kikao cha familia: mtoto, mzazi na afisa, mezani. Huko mtoto anaulizwa anataka kwenda wapi. Akisema nyumbani, anarudi nyumbani. Asiposema, au alama zisipotimia, anahamishiwa hosteli ya vijana katika mji mwingine, akae huko hadi awe mtu mzima. Na mtu mzima hana wa kumrudisha. Nilikuwa nimempoteza mke, sasa namwona na mtoto anavyoteleza, nami nimekaa kwenye benchi nimeshika sabuni.

Siku ile ile, nikiwa bado ofisini kwa afisa, vijana wakapita dirishani kwa mstari wakienda karakana. Nikaona vichwa vyao. Jamani. Shamba lililopitiwa na mbuzi lina nafuu.

"Nani anawanyoa hawa?"

"Mlinzi wa getini. Kinyozi wetu alihama."

"Hiyo si kunyoa, hiyo ni kesi. Nitakuja mimi. Bure."

Akaniangalia kidogo. "Baba, unataka kunyoa au unataka kumwona?"

"Vyote viwili."

Alifikiri, akakubali, lakini akanipa masharti. Nikiwa kule ndani mimi ni kinyozi, basi. Nisimwite mwanangu mbele ya wenzake. Na nisimwambie neno ambalo yeye mwenyewe hajaniuliza. "Akikuuliza, mjibu. Asipouliza, nyoa." Kuniambia mimi hivyo ni sawa na kumwambia jogoo asubiri kuulizwa saa. Nilikubali.

Kunyoa kule ni mara moja kwa mwezi. Walinipa kiti cha mbao kwenye baraza la karakana, waya wa umeme ukavutwa kutoka ofisini. Kioo hakuna, vitu vya kioo haviruhusiwi mle. Mtindo ni mmoja kwa wote, namba moja, nywele fupi kabisa, kichwa kizima. Kijana wa kwanza alikaa, nikamfunga kitambaa, na mdomo ukatoka wenyewe kwa mazoea: "Tukunyoe vipi, bosi?"

Akamtazama mlezi, akanitazama mimi. "Mzee, hapa ni namba moja tu."

"Najua. Nimekuuliza unataka vipi, sijasema utapata."

Akafikiria. "Kiduku."

"Kiduku cha kimo gani?"

"Kirefu. Kionekane kabla mimi sijafika."

Nikamnyoa namba moja safi, nikampangusa shingo. "Haya, kiduku chako hicho. Jihadhari na milango mifupi." Mstari mzima ukacheka, hata mlezi. Baada ya hapo kila aliyekaa aliagiza kwa madaha. Mmoja alitaka denge, mwingine alitaka achorwe nyota kisogoni, mwingine akataka anyolewe kama mtu mwenye gari. Wote nikawapa namba moja, na kila mmoja aliondoka akijipapasa kichwa kana kwamba kweli kuna kitu. Nilifurahi, sitaki kuficha. Nilikuwa nimesahau kuwa naweza kufurahi.

Masikio alikuwa wa mwisho. Mabega yalikuwa yamepanuka, mikono ina madoa ya cheche za moto. Nikakung'uta kitambaa, nikamuuliza kwa sauti ile ile niliyowauliza wenzake, "Tukunyoe vipi, bosi?"

Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Akaitazama kwa muda, kisha akageuka, akatoka kwenye mstari, akaelekea bwenini. Mlezi alimwita, hakugeuka. Nikabaki nimeshika kitambaa kimejaa nywele za watoto wa watu.

Mwezi uliofuata nikarudi. Nilikuwa nimejiambia alishtuka tu, safari hii atakaa. Vijana walikuwa wamejiandaa na maagizo yao, wengine walikuwa wameyatunga usiku. Ilipofika zamu yake, Masikio akaiona mikono yangu, akaondoka tena.

Afisa akaniita. Hakuzunguka. Kukataa kunyolewa ni kukataa agizo, na kukataa agizo kunakata alama. Mara mbili sasa. Akikataa tena, kikao hakuna, ni hosteli.

"Sheria gani hii ya nywele?" nikamuuliza. Nilikuwa nimefura. "Mtoto aharibikiwe maisha kwa ajili ya nywele?"

"Chawa hawachagui mtoto wa nani, baba. Nikimsamehe yeye, kesho nitawaambia nini wengine? Na si nywele. Kila akikuona anavunja kanuni ambayo siku zote alikuwa anaitii."

Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta mlango wa kuingia kwa mwanangu, kumbe nilikuwa naufunga ule wa yeye kutokea. Na nilikuwa naufunga kwa kazi yangu niipendayo, kwa mikono hii hii.

Ningeweza kuacha tu, mlinzi arudi na mkasi wake. Lakini nilifikiria siku ya kikao, mwanangu amekaa mbele ya watu na kichwa kimeliwa na mbuzi, nikaona hapana. Wa kumnyoa alikuwepo, tatizo nilikuwa nikimtukana kwa miaka mingi.

Mbele ya duka langu, ng'ambo ya barabara, kuna kinyozi mwingine. Ana vioo pande zote na taa za rangi zinazozunguka. Mimi na yeye hatuitani ila Jirani, na hilo Jirani tulikuwa tunalitamka kwa kubana meno. Wateja wangu wote niliwaambia kwamba Jirani alijifunzia kazi kwa kondoo. Siku ile nikapiga moyo konde, nikavuka barabara. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe anajizungusha.

"Leo mvua itanyesha," akasema.

Nikamweleza yote, la mtoto, la mazishi, la nywele, la kikao. Nilitegemea anicheke, na nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akaacha kujizungusha.

"Kinyozi hajinyoi," akasema. "Niende na mashine yangu?"

"Nenda na yangu. Yako inang'ata."

"Umeanza."

"Na uwaulize wanataka vipi. Ni namba moja, lakini waulize. Wanapenda kuulizwa."

Jumamosi ya kunyoa ilipofika nilikaa dukani. Duka la Jirani limefungwa, wateja wake wakaja kwangu, na mimi niliyewatamani miaka yote nikawanyoa bila kuwasemesha. Mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia meno. Kila nikinyanyua macho nakiona kile kigoda mlangoni. Sikuwahi kukiondoa, na hakuna mteja aliyewahi kukikalia, hata wasiojua kilikuwa cha nani.

Jioni Jirani akaja na mkoba wangu.

"Amekaa?" nikamuuliza.

"Amekaa."

"Ulimuuliza anataka vipi?"

"Nilimuuliza. Akasema yoyote."

"Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Ulipita polepole?"

"Nilipita polepole."

Nilimshukuru, na wivu ukanichoma hapo hapo nikimshukuru. Alipoondoka nikafungua mashine kuisafisha. Vinywele vya vichwa vyote vimechanganyika kwenye meno, vyeusi vyote, siwezi kujua vipi ni vya mwanangu. Nikavipangusa kwa brashi, nikatia mafuta, nikafunga duka.

Baada ya hapo sikwenda tena kituoni. Jumamosi zilikuwa ndefu. Nilianza kujiandalia hotuba ya siku ya kikao, naisema kwa birika, naisema kwa kioo cha dukani. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na msamaha, ilikuwa na mfano wa chuma kinachonyooshwa kwa moto kwa kuwa yeye ni fundi wa kuchomelea. Hakuna aliyeisikia ila birika.

Siku ikaja. Chumba cha kikao kina meza moja, viti, na dirisha la nondo linalotazama karakana. Nilikwenda na mkoba wangu wa kazi begani, maana bila huo mkono wangu haujui pa kukaa. Masikio aliingia na mlezi, akakaa ng'ambo ya meza, magoti pamoja, macho kwenye mbao. Kazi ya Jirani ilikuwa safi, lazima niseme, japo nywele zilikuwa zimeshaanza kurudi. Mlezi akatoka akasimama nje ya mlango.

Afisa alianza na mazuri: ufundi wake, darasa lake, geti jipya alilochomelea na wenzake. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti yake ya dawa, "Lilibaki jambo moja ambalo sikulielewa. Kwa nini ulikataa kunyolewa?"

Masikio akaanza kukwangua meza kwa ukucha.

"Unamchukia?"

"Hapana," Masikio akasema. Sauti ilikuwa imekuwa nene, sikuijua. "Ni mikono yake. Ana namna yake ya kukushika kichwa akuinamishe. Angenishika vile ningelia. Na huku ukilia mara moja mbele ya watu, wanakuigiza unavyolia mpaka siku unatoka."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya hotuba yangu yote. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikakumbuka sharti, nikajikaza kisabuni, nikafunga mdomo. Mwanangu hakunichukia. Alikuwa anajizuia asilie, na mimi nilikuwa namletea kilio chake mwenyewe kila mwezi, nikakiwekea na kiti cha kukalia.

Nje mtu alikuwa anagonga chuma.

Masikio akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile ya gari.

"Shangazi alisema kweli?"

Miezi yote ile, na hotuba yote ile, kumbe jibu lilikuwa fupi. "Hapana," nikasema.

Akaendelea kunitazama, anasubiri.

"Presha ilimwanza hujang'oka hata jino moja. Wewe ndiye uliyekuwa unampelekea vidonge na maji, kwenye kikombe cha bluu. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi. Ungekuwepo nyumbani ingekuja siku ile ile. Mimi nilikuwepo, nimemshika, na sikuweza kitu."

Akarudi kwenye kukwangua meza. "Alikuwa amenikasirikia?"

"Sana. Alikuwa akikutukana kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Lakini lile gauni lake la kuja nalo kwako, siku anafariki lilikuwa kambani. Alilifua asubuhi ile, akaniambia likauke mapema alipige pasi. Nimelianua mimi baada ya mazishi."

Hilo halikuwemo kwenye hotuba. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata birika. Midomo yake ikaanza kutetemeka, akaibana, akaangalia mlangoni kama kuna mtu anayemwona. Afisa akasogeza kiti chake kidogo, akaziba upande wa mlango.

Baada ya muda akamuuliza lile swali. "Alama zako zimetosha. Unataka kwenda wapi?"

Nilihesabu nondo za dirisha, nikasahau, nikaanza upya.

"Mtaani wataniangalia," akasema.

Afisa akanitazama, akanipa ruhusa kwa macho.

"Wataangalia," nikasema. "Mimi wananiangalia kila siku. Mtu anaangalia, anachoka, anakumbuka ana mboga jikoni. Fundi simu bado yupo pale pale, utampita kila asubuhi, na shangazi yako hawezi kunyamaza. Siwezi kukudanganya. Nyumbani kumebaki mimi na birika, na birika haina maneno mengi."

Kitu kama kicheko kikamtoka puani, kikakatika. Akautazama mkoba miguuni pangu.

"Umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo."

Akamgeukia afisa. "Naomba aninyoe kwanza. Hapa hakuna watu."

Afisa alifikiri kidogo, akainuka, akafunga mlango na mlezi akabaki nje. Kisha akaenda kusimama dirishani, mgongo kwetu. Soketi ilikuwa ukutani karibu na meza. Nikakivuta kiti chake pale, nikatoa kitambaa, nikamfunga shingoni. Nikawasha mashine.

"Tukunyoe vipi, bosi?"

Mashine ikanguruma peke yake.

"Acha kidogo pembeni," akasema.

Nikasubiri.

"Masikio yapate kivuli."

Nikamwekea kiganja utosini, nikamwinamisha, namna yangu ile ile. Akalia. Alilia kwa mabega, kwa shingo, kitambaa kizima kikawa kinapanda na kushuka, na mimi nikanyoa kwa kufuata kilio chake, anapovuta pumzi nasimama, anapoishusha napita. Nilipita polepole nyuma ya sikio la kushoto. Kinyozi anasimama nyuma ya mteja, na mle hakuna kioo, kwa hiyo hakuniona uso. Ilikuwa heri. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilinyoa kichwa kizima bila kusema neno, na nywele kidogo za pembeni nikaziacha, kulia sawa na kushoto.

Mlezi akagonga, akachungulia. Akakiona kichwa. "Mzee, hiyo si namba moja. Hawezi kurudi bwenini hivyo."

"Sirudi bwenini," Masikio akasema. Uso ulikuwa umelowa wote, na hakuufuta.

Afisa akageuka kutoka dirishani. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Na baba."

Neno hilo kinywani mwake sikuwa nimelisikia tangu siku walipomchukua kwenye kibanda cha fundi simu. Mle ndani nilikuwa kinyozi, mtaani nilikuwa mzee, na nyumbani hakuna aliyekuwa ananiita chochote. Nikampaka poda, nikampangusa shingo, nikampangusa tena mahali nilipokwisha kupangusa. Nilitafuta la kusema katika maneno yangu yote, sikulipata, nikasema lile tunalowaambia wateja kila siku.

"Haya, inuka bosi, wenzako wanasubiri."

Hapakuwa na mtu anayesubiri. Akainuka.